Kabla ya Kudai Nyongeza, Jua Nguo Mnamshonea Nani

Wawakilishi wapya wa wafanyakazi katika viwanda vya nguo vya Athi River, Kenya, huniuliza wadai asilimia ngapi. Mimi huwauliza kwanza mnunuzi ni nani. Wengi hawana jibu, na lebo yake wanaishona kutwa.

Nilipokuwa katika kamati ya kujadili mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, meneja alikuwa na wimbo mmoja: mkizidi kudai, oda zitahamia Ethiopia au Bangladesh. Msiupuuze. AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 kwa nchi za Afrika, ilitufungulia soko la Marekani bila ushuru, lakini vikomo vya kiasi cha nguo ambacho kila nchi iliruhusiwa kuuza nje vilipofutwa tarehe 1 Januari 2005, nguo za China zilifurika na ajira za EPZ, maeneo yetu ya viwanda vya kuuza nje, zikapungua. Hata hivyo, Ethiopia mnayotishiwa nayo iliondolewa AGOA Januari 2022. Jueni habari kama hizo kabla hamjaogopa. Isitoshe, mashine husafirishwa. Mafundi waliozoea kufikisha lengo la kila saa hawapakiwi kwenye kontena.

Mwajiri naye kabanwa. Wanunuzi wakubwa ni wachache, viwanda vinavyowabembeleza vimejaa dunia nzima, kwa hiyo bei ya shati huamuliwa ng'ambo. Ndiyo maana nyongeza kubwa ya mshahara hupatikana kwa shida (sisemi msiidai). Mambo aliyo nayo mkononi mwake ndiyo ya kukazia: usafiri wa zamu ya usiku, malipo ya ovataimu, lengo la siku lisilopandishwa kiholela, na kandarasi za miezi michache zinazofanya watu waogope hata kujiunga na chama.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe taarifa zinazohitajika ili chama kijadiliane ipasavyo. Ziombeni kwa barua mapema. Kisha angalieni tarehe ya meli itakayobeba oda. Majadiliano yakifanyika oda ikiwa nusu, mnasikilizwa. Yakifanyika msimu wa ukame wa oda, mtanyweshwa chai tu. Mgomo halali unahitaji notisi ya siku saba, na siku hizo saba hupita tofauti kabisa kontena likiwa linasubiriwa Mombasa.

Mkishatia sahihi, fuatilieni usajili katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Bila huo, mkataba hauanzi kufanya kazi.