Mwanangu, kuhusu hiyo kazi ya mabeseni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku milimani hatujambo, baridi tu ndiyo imezidi.

Umeniandikia kwamba kanisa letu la Waadventista limekuchagua kuwa shemasi, na kazi ya kwanza uliyokabidhiwa ni mabeseni na taulo za huduma ya unyenyekevu, yaani kutawadhana miguu kabla ya mkate na juisi, Sabato ya Meza ya Bwana, majuma matatu yajayo. Umeuliza kwa nini mhasibu aliyesoma kama wewe apewe maji badala ya hazina ya kanisa. Umeuliza pia kama kutawadhana huku kila robo ya mwaka hakujawa mazoea tu, maana watu wanachovya vidole, wanafuta, wanarudi kwenye viti.

Nianze na hilo la pili. Ndiyo, kwa wengi kumekuwa mazoea, na sehemu kubwa ya sababu ni maandalizi mabovu. Mtu akikuta maji ya baridi kama barafu, taulo lililolowa na watu kumi wamesimama nyuma yake wakingoja beseni, atachovya vidole na kuondoka. Wewe ndiye utakayeamua kama ndugu zako watapata nafasi ya kuhudumiana kweli au watakimbizana. Kwangu mimi unyenyekevu unaanzia hapo, pale unapojua mtu atahitaji nini kabla hajakuomba, nawe ukakiweka mahali pake bila kutajwa.

Soma Yohana 13 na Luka 22 kwa pamoja. Luka anasema usiku uleule wa chakula cha mwisho wanafunzi walikuwa wanabishana nani kati yao ni mkubwa. Yohana anaonyesha kwamba chakula kilikuwa kimeanza na miguu bado ilikuwa na vumbi la njiani. Maji yalikuwepo, bakuli lilikuwepo, kitambaa kilikuwepo. Hakuna aliyetaka kuonekana mdogo kwa kuinuka. Bwana akainuka, akavua vazi la juu, akajifunga kitambaa kiunoni, akaosha na kufuta. Hata miguu ya Yuda aliiosha. Sasa niambie, katika chumba kile nani alikuwa na cheo zaidi ya yeye? Cheti chako cha uhasibu hakijavunjiwa heshima. Tena utakihitaji, maana kazi hii ni hesabu tupu.

Chukua mfano wa kanisa lenye washiriki 120, wanawake 75 na wanaume 45. Kosa la kwanza la mashemasi wengi ni kugawa vyombo nusu kwa nusu, wakati kina mama karibu kila mahali ni wengi zaidi. Ukiwa na mabeseni 21, peleka 13 upande wa wanawake na 8 upande wa wanaume. Jozi moja, yaani wawili wanaooshana kwa zamu, ikitumia kama dakika saba, pande zote mbili zitamaliza kwa zamu tatu, yaani chini ya nusu saa. Maji kadiria lita 2 kwa mtu, na kila mtu apate maji mapya. Maji ya mtu mmoja kuoshea mwingine ni kukosa heshima, na fangasi wa vidole husambaa hivyo. Hiyo ni lita 240, sawa na madumu 12 ya lita 20. Ongeza mawili ya kunawia mikono kwa sabuni, kwa sababu hakuna anayepaswa kurudi ibadani kushika mkate kabla hajanawa, na wazee wa kanisa watakaoubariki ndio wa kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo karibu kila anayeanza hulisahau: lita 240 zinazoingia ni lita 240 zinazotoka. Weka ndoo za maji machafu kila chumba, na vijana wawili wa kuzimwaga kwenye miti nje. Bila hivyo sakafu itakuwa tope na mzee atateleza.

Dodoma maji ya bomba yanatosha kipindi cha joto. Asubuhi za Juni na Julai chemsha kiasi na uchanganye, ukianza na maji ya baridi ndipo umiminie ya moto. Pima kwa kiwiko chako mwenyewe. Usimtegemee mwenye miguu akuambie kama ni ya moto, kwa sababu mtu mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kuwa amepoteza hisia za nyayo. Ataungua huku anakushukuru.

Taulo ni moja kwa mtu. Kanisa likiwa nazo chache, tangazo litoke Sabato iliyotangulia kila mmoja aje na lake, nawe uwe na akiba kama kumi kwa ajili ya wageni. Wakumbushe kina mama wasivae soksi ndefu za kubana siku hiyo, na waje na kitenge cha kujifunga wanapopiga magoti.

Tangazo hilo lina kazi kubwa kuliko taulo. Linawapa watu juma zima la kupatana. Mathayo 18 inasema umwendee ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Yaani kabla ya Sabato, nyumbani kwake, bila hadhara. Mtu anayengoja hadi awe na beseni mkononi ndipo aseme nisamehe, mbele ya watu thelathini, anamnyima mwenzake uhuru wa kujibu. Na aliyekopa hela akanyamaza, asidhani kuosha miguu kumelipa deni. Aende aseme atalipa lini na kiasi gani.

Sasa jozi. Hapa ndipo kiburi hujificha vizuri zaidi. Watu wataenda kwa marafiki zao, wenye magari na wenye magari, wanakwaya na wanakwaya. Usiwagawe kwa orodha, utaleta manung'uniko. Fanya hivi: wewe usichukue mwenzi mapema. Simama karibu na mlango, uangalie nani amesimama akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mgeni, mjane mpya, binti aliyerudi kanisani baada ya kupotea, mama anayeogopa kuonyesha nyayo zilizopasuka. Mwendee, umwite kwa jina kama unalijua, useme, "Njoo tutawadhane." Usimwonyeshe kwa kidole kwa mtu mwingine. Wanawake 75 ni namba witiri, kwa hiyo lazima mmoja abaki, na si vizuri abaki peke yake. Mtakuwa watatu kwenye beseni moja, wa kwanza amwoshe wa pili, wa pili wa tatu, wa tatu wa kwanza. Wanandoa wanaotaka kutawadhana wenyewe, wazee wakikubali, watengewe kona yenye staha. Na kama kuna mkwe na mkweze ambao mila zao haziruhusu kugusana, usiwalazimishe eti kwa sababu tuko kanisani.

Kuosha kwenyewe ni hivi. Mwenzako akae, avue viatu mwenyewe. Piga magoti kabisa, usiiname ukiwa umesimama, maana ukiinama unamtazama kutoka juu. Mkono wa kushoto ushike kisigino kwa chini, uubebe mguu ili asijikaze. Kwa mkono wa kulia teka maji, uyapitishe juu ya mguu, kisha unyayo, kisha katikati ya vidole taratibu. Mguu mwingine vivyo hivyo. Weka taulo mapajani, uulaze mguu juu yake, ukaushe hadi katikati ya vidole, kwa sababu unyevu ukibaki pale ndipo fangasi huanzia. Usitoe maoni yoyote juu ya miguu ya mtu, hata ya sifa. Mwage maji, suuza beseni, mbadilishane. Mkimaliza simameni mshikane mikono, ombeaneni sentensi mbili tatu. Wimbo unaoimbwa chumbani usaidie utulivu. Habari za mafuta kupanda bei zingoje nje.

Mwenye kidonda asiloweshwe. Muulize kwa sauti ya chini mapema, umwoshe mguu usio na kidonda tu, au umnawishe mikono. Mzee asiyeweza kupiga magoti aketi kwenye kigoda kifupi, ubebe wewe beseni hadi kwake. Wapo wazee ambao kila robo huoshwa na vijana, kisha kijana akigeuka ili aoshwe, mzee ameshaanza kuvaa viatu. Hilo likitokea, mletee beseni jipya uliweke mbele ya kijana na useme tu, "Mzee, maji yako tayari." Hatakataa.

Na wewe je? Mashemasi wengi hushughulika na ndoo hadi mwisho, wakatoka hawajaoshwa. Watu huwasifu kwa kujitoa. Mimi siwasifu. Petro naye alikataa kuoshwa, na Bwana alimwambia bila hivyo hana shirika naye. Kuhudumu kunakuacha ukiwa na nguvu mkononi. Kuketi huku mtu unayemsimamia ofisini ameshika kisigino chako chenye magaga ni kugumu zaidi. Kwa hiyo zamu ya tatu mkabidhi mwenzako ndoo, vua viatu, ukae. Ukitaka kujua kama una kiburi, sikiliza moyo wako unavyosema dakika hiyo.

Majirani zetu Wakatoliki huosha Alhamisi Kuu, padre akiwaosha waumini wachache waliochaguliwa, na tangu 2016 Papa Francis aliruhusu rasmi wanawake wawe miongoni mwao. Nakuandikia hili kwa kuwa umeolewa katika ukoo wenye Wakatoliki wengi, na shangazi za mumeo wakija siku hiyo wanaweza kukaa pembeni wakidhani ni kwa waliochaguliwa. Waeleze kwamba kwetu kila mtu huosha na kila mtu huoshwa, na kwamba Meza ya Bwana haifungwi kwa Mkristo wa kanisa jingine aliyejitoa kwa Mwokozi. Kazi ya kuwachambua wanaostahili hujapewa.

Baada ya ibada, mabeseni yasuguliwe kwa sabuni na dawa ya klorini siku inayofuata, taulo zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani zikauke kabisa kabla ya kukunjwa. Taulo lililokunjwa bichi litanuka robo nzima na hakuna atakayelitaka tena.

Umesema pia mama mkuu wa mashemasi amekuachia mkate. Kipimo kinachotosha watu kama 50 ni kikombe 1 cha unga wa ngano, afadhali usiokobolewa, robo kijiko cha chai cha chumvi, vijiko 2 vya chakula vya maji baridi na robo kikombe cha mafuta ya kula. Hakuna hamira wala baking powder. Changanya unga na chumvi. Maji yamimine ndani ya mafuta bila kukoroga, kisha yote kwenye unga, uchanganye kwa uma hadi unga ulowe tu. Ukikanda sana mkate unakuwa mgumu kama gome. Sukuma unene wa milimita 3, chora vipande vidogo kwa kisu, toboa kila kipande kwa uma usivimbe. Oka nyuzi 230 kwa dakika 10 hadi 15, na dakika tano za mwisho usiondoke, huungua ghafla. Kwa jiko la mkaa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Kwa watu 120 pika vipimo vitatu. Juisi ya zabibu, mililita 15 kwa kikombe kidogo, haifiki lita 2. Mkikamua zabibu za hapo Dodoma ichemsheni mara moja na kuiweka kwenye friji, kwa joto lile inachacha upesi. Mkate uliobarikiwa ukabaki uchomwe au ufukiwe kwa heshima, juisi imwagwe ardhini. Usiwape watoto kama vitafunwa.

Oka Alhamisi jioni au Ijumaa mapema, jua la Ijumaa lisizame ukiwa bado na tanuri, maana hapo Sabato imeanza. Ukikwama nipigie Ijumaa kabla ya saa nane mchana, baada ya hapo nitakuwa nachota maji ya Sabato.

Msalimie mumeo na wajukuu zangu.

Mama yako