Nyumba ya kale kando ya bahari: angalia maji kwanza, chumba baadaye

Mkuu, umeuliza mchukue nyumba ya kale iliyo ufukweni kabisa au ile ya juu kilimani, mkiwa na watoto na mama mtu mzima, na mnataka kutembea, kuogelea na kupiga kayaki. Likizo zangu karibu zote huishia kwenye vijiji vya namna hiyo. Ningekuwa wewe, ningefungua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji kabla ya kutazama picha hata moja ya kitanda.

Pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo tangazo likisema "ufuo mbele ya mlango", uliza ni saa ngapi. Siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: yakijaa yanagonga ukuta, yakipwa mnakanyaga matope mpaka mchoke ndipo mpate pa kuogelea. Maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo, na hizo ndizo siku ninazopendelea kwa watoto na kayaki.

Kama hamu yenu ni kuzunguka miambani na kuchungulia kaa kwenye vidimbwi, hapo fuateni bamvua, ila tokeni miambani maji yakiwa bado yanapwa. Hayajai kwa mwendo mmoja. Kwenye yale masaa sita ya kujaa, la kwanza na la mwisho hayasogei sana. La tatu na la nne huingia karibu nusu ya maji yote. Nimeshuhudia kutoka dirishani watu wakirudi viatu mkononi, maji magotini, palepale walipopita pakavu muda si mrefu.

Na upepo msiudharau. Ukivuma kutoka nchi kavu, bahari karibu na ufuo inatulia kabisa kwa sababu nyumba na kilima vinaikinga, kila mtu anashawishika kuingia. Ukitoka nje ya hicho kivuli unasukumwa mbali na kurudi ni kazi. Siku hiyo kayaki ipumzike.

Sasa nyumba. Kuta za mawe na chokaa hupumua. Aliyezipiga plasta ya saruji ameufungia unyevu ndani, na chumvi ya bahari inauvuta zaidi. Dalili ni rangi kubanduka usawa wa goti na unga mweupe unaobaki mkononi ukipapasa. Kuna mwenye nyumba mmoja alitundika picha kubwa ya jahazi karibu na sakafu. Nikajiuliza nani anatundika picha usawa wa buti, nikaisogeza: ukungu mweusi mtupu. Kwa hiyo omba picha ya kona iliyo nyuma ya kabati. Asiyetaka kuituma ameshakujibu.

Kwa mama, hesabu ya ngazi ni muhimu kuliko mandhari. Vijiji hivi vilijengwa kabla ya magari, vichochoro ni vyembamba, na mara nyingi nyumba zinalindwa kisheria, kwa hiyo hata mwenyewe akitaka kupanua mlango au kuweka lifti hawezi tu kuamua. Uliza gari linaishia wapi, mizigo inabebwaje, na kama kuna chumba cha kulala na choo kwenye ghorofa moja. Intaneti uliza pia, kuta nene zinaiua.

Kwa hali yako mimi ningechukua ya juu, mradi gari lifike mlangoni. Watoto watashuka pamoja na nyinyi maji yakiwa mazuri, mama hatalazimika kupanda ngazi kila akisahau kitu, na wakati wa bamvua lenye dhoruba hamtalala mkisikiliza mawimbi yakipiga mlango. Ya ufukweni ningeichukua tu kama tarehe zenu zinaangukia maji mafu na chumba cha chini ni kikavu. Na usilipe malipo ya awali kabla hujaandikiwa utarudishiwa kiasi gani hali ya hewa ikifunga barabara.