Jibu kwa aliyeuliza: mwanangu wa miaka 16 anaweza kuwa mchezaji wa kulipwa wa shogi Japani?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama mwanao anaweza kujiunga na Chama cha Shogi cha Japani awe mchezaji wa kulipwa, na kwa nini chama hicho huwatoa vijana wakifika miaka 26. Nilisoma Tokyo miaka minne, na Jumapili zangu nyingi ziliishia Sendagaya, kwenye jengo la chama. Nakujibu kwa niliyoyaona huko.

Kwa wasioujua mchezo: shogi ni kama chesi ya Kijapani, ubao una miraba 9 kwa 9, kila mmoja ana kete 20. Kete uliyoila inakuwa yako, na zamu yako ikifika unaweza kuirudisha ubaoni ipigane upande wako. Mimi nimekulia kwenye bao, babu ndiye aliyenifundisha namua, kwa hiyo hilo halikunipa taabu. Kwenye bao nako kete iliyoliwa haitoki mchezoni, inahamia kwa aliyeila. Anayetoka kwenye chesi ndiye huchelewa kulizoea.

Sasa chama. Kilianzishwa 1924, na kinaendeshwa na wachezaji wenyewe. Habu Yoshiharu, aliyewahi kushika mataji yote saba kwa mpigo mwaka 1996, alikuwa rais wake kuanzia 2023 hadi 2025, nafasi yake ikachukuliwa na Shimizu Ichiyo, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Mataji makubwa mengi yanadhaminiwa na magazeti: Ryuo ni la Yomiuri, Meijin ni la Asahi na Mainichi kwa pamoja.

Mlango wa kuingilia unaitwa shoreikai, yaani mafunzo ya chama kwa vijana wanaotaka kuwa wachezaji wa kulipwa. Ili kijana afanye mtihani wa kuingia, lazima apate mchezaji wa kulipwa wa kuwa mwalimu wake. Akikubaliwa huanzia ngazi ya chini, na ngazi hiyo ya chini tayari ni mtu anayewatesa wakubwa kwenye klabu za mtaani. Asipofika dani 1 (dani ni daraja la uwezo, namba ikipanda nalo linapanda) kabla ya kutimiza miaka 21, anatoka. Akifika dani 3 anaingia ligi inayochezwa mara mbili kwa mwaka, na kila msimu wawili wa juu ndio hupanda dani 4. Dani 4 ndiyo ajira. Fujii Sota alivuka 2016 akiwa na miaka 14. Asiyevuka hadi miaka 26 anaondoka, isipokuwa aliye kwenye ligi hiyo na anayeendelea kushinda mechi nyingi kuliko anazopoteza, huyo huongezewa muda kidogo.

Nilikuwa nafanya kibarua cha usiku na kaka mmoja aliyetoka shoreikai akiwa dani 2. Baada ya zamu tulikuwa tunacheza, yeye ameondoa kete zake mbili kubwa ili mchezo uwe sawa, na bado ananipiga. Kila mara katika kupanga kete alianza na mfalme, kwa ncha za kidole cha shahada na cha kati, anaigongesha kete ubaoni ikalia "pa". Nikizidiwa nainamisha kichwa nasema "makemashita", nimeshindwa, na hapo ndipo somo linaanza. Anairudisha mechi nzima kwa kumbukumbu, anasimama pale nilipopotea, ananiuliza nilikuwa nawaza nini. Siku moja nilimuuliza kama ana kinyongo. Akasema hana. Kilichomtia hofu ni kwamba akiwa na miaka 26 alikuwa hajawahi kuandika hata barua moja ya kuomba kazi.

Kwa maneno yake hayo naikubali sheria ya umri. Bila hiyo angekuwepo pale mpaka 35, akisubiri msimu ujao. Ninachokipinga ni mzazi kumtoa mtoto shule kwa ajili ya shogi.

Na mlango haukufungwa moja kwa moja. Segawa Shoji alitolewa 1996, akaajiriwa kwenye kampuni, akaendelea kuwafunga wachezaji wa kulipwa akiwa mchezaji wa ridhaa, kisha akaandika kuomba apimwe. Wachezaji walipiga kura kumkubalia, na 2005 akashinda mechi alizotakiwa. Baada yake mtihani huo ukawa utaratibu rasmi, na Imaizumi Kenji akaupita 2014 akiwa na miaka 41. Kwa wanawake kuna ngazi yao nyingine, na huko Karolina Styczyńska wa Poland alifuzu 2017, mgeni wa kwanza.

Kwa hiyo mwanao wa miaka 16 kama ndiyo kwanza anaanza, shoreikai msiipangie. Mwambie alenge dani za ridhaa. Chama hutoa cheti chake kwa yeyote anayestahili, kimeandikwa kwa brashi na kina saini za rais na za wanaoshikilia mataji ya Meijin na Ryuo. Acheze mtandaoni kila siku, shule iendelee. Akifika Tokyo aende Sendagaya, walihamia jengo jipya hapo hapo 2024. Pale nilikuwa nataja kiwango changu mezani, napewa kadi, wananitafutia wa kucheza naye. Kiwango ataje cha kweli, kwa sababu ndicho wanachotumia kupanga nani aondoe kete ngapi.