Kabla ya Kuwakata Kuku Midomo, Wape Kazi ya Kufanya

Juma hili msomaji wa Mtwapa ameniandikia kwamba kuku wake wa mayai wanadonoana hadi kutoka damu, na kwamba muuza vifaranga amemshauri awakate midomo na kuwahamishia kwenye vizimba vya waya. Nami niliwahi kupewa ushauri huo, na aliyenipa alinicheka mbele ya watu niliposema kuku wangu watabaki sakafuni. Kicheko kile sijakisahau.

Kuku hamdonoi mwenzake kwa uchokozi tu. Kwa maumbile yake, sehemu kubwa ya mchana huipitisha akichakura na kudonoa ardhi, na akifungiwa mahali pasipo na cha kuchakura, mdomo ule ule huhamia kwenye manyoya ya jirani. Katika banda langu la Bamburi nilitandaza maranda makavu, nikatundika mafungu ya majani, nikaacha pembe moja ya mchanga mtupu. Mitetea waliuvamia mchanga ule kabla sijaweka beleshi chini: wakalala ubavu, wakajirushia vumbi mgongoni kwa mabawa, wakajikung'uta, wakalala tena.

Viota navyo si anasa. Kuku anayekaribia kutaga huhangaika akitafuta mahali penye kivuli na faragha, na katika kizimba kitupu hapati. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku vizimba vya namna hiyo kuanzia 2012. Kwa kuku wa sakafuni, sheria yake inataka angalau kiota kimoja kwa kuku 7 na sentimita 15 za fito za kulalia kwa kila kuku, vipimo ambavyo navifuata hapa hapa Mombasa. Leo wauzaji wa soko la Kongowea huulizia mayai yangu kwanza, na yule aliyenicheka amekuja kulitazama banda.

Wafugaji wenzangu, tusiwasonge viumbe hawa, hasa wakati wa joto la kaskazi. Kuku hatoki jasho. Hutweta, na akitweta mno ganda la yai huwa jembamba.

Dada yangu wa Mtwapa, usinunue vizimba. Watenge leo waliojeruhiwa, maana damu huwavuta wengine kudonoa, punguza mwanga mkali bandani, na uhakikishe chakula hakina upungufu wa protini wala chumvi. Kesho tafuta maranda.