Alama ya kutoa mbele ya mabano, na mengine mliyouliza

*Mwalimu, shikamoo. Nimetafuta x kwenye 5 − 2(x − 3) = 1 nikapata −1. Kitabu kinasema 5. Kitabu kimekosea? Kidato cha pili, Mwanjelwa.*

Marahaba. Kitabu kiko sahihi. Ulipofungua mabano uliandika 5 − 2x − 6. Hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo ni 5 − 2x + 6 = 1. Kusanya: 11 − 2x = 1. Toa 11 pande zote mbili: −2x = −10. Gawanya kwa −2 pande zote mbili: x = 5. Sasa irudishe ulikoitoa: 5 − 2(2) ni 1. Ile −1 yako ingekupa 13. Kwa nini hukuijaribu kabla ya kukilaumu kitabu?

Wengine mliotuma swali hilihili mlianza na 5 − 2, mkapata 3(x − 3). MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) mmeisoma tangu shule ya msingi! Na tuache kuwafundisha watoto kwamba namba "ikivuka inabadilisha alama". Namba haivuki popote; tunafanya jambo moja pande zote mbili. Aliyekariri kuvuka ndiye akifika −2x = −10 anaandika x = −10 + 2.

*Simu inanipa jibu mara moja. Hatua za nini? Makambako.*

Karatasi ya mtihani wa taifa inaagiza hatua zote zionyeshwe wazi, na simu huingii nayo.

*Nyumba ina upana wa mita 8, kenchi inapanda mita 3 katikati. Mwanangu anasema mbao ya mteremko ni kipeuo cha pili cha 73. Ni sawa? Mzazi, Mafinga.*

Si sawa, na nina hakika hakuchora. Amechukua 8 × 8 + 3 × 3. Lakini mbao ya mteremko inatoka ukutani na kuishia kileleni, juu ya katikati ya nyumba. Haivuki nyumba nzima. Pembetatu mraba yetu ina kitako cha mita 4 na kimo cha mita 3. 16 + 9 = 25, kipeuo chake ni 5. Mita 5.

Mpe karatasi achore nyumba kwanza, aandike vipimo kwenye mchoro, ndipo aguse kanuni. Watoto wengi wanaijua Pythagoras, kanuni ya pande za pembetatu mraba, kama wimbo. Upande upi ni upi hawajui. Na kama kweli unajenga, mzazi, hiyo 5 ni ya ukutani hadi kileleni tu. Kwa mvua zetu paa lazima litokeze nje ya ukuta, kwa hiyo ongeza kipande hicho kabla hujanunua mbao.

*x² = 5x. Nimegawanya kwa x nikapata 5, nikapewa nusu ya alama. Nimeonewa? Iringa mjini.*

Hukuonewa. Hili nalijibu kwa mara ya tatu muhula huu. Ukigawanya kwa x unadai x si sifuri, nani kakwambia? Leta vyote upande mmoja: x² − 5x = 0, yaani x(x − 5) = 0. x ni 0 au 5. Jibu moja umelitupa mwenyewe.

*Pembetatu pacha (yenye pande mbili sawa), pembe ya juu nyuzi 40. Nimepima za chini kwa kipimapembe nikapata 65. Njombe.*

Weka kipimapembe chini. Mchoro wa swali mara nyingi haukuchorwa kwa kipimo. 180 − 40 = 140, nusu yake 70. Kisha andika sababu pembeni: jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180, na pembe za kitako cha pembetatu pacha ni sawa.