Msiba Hauahirishwi, Lakini Dirisha Hufunguliwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia ujumbe mrefu kuhusu arobaini ya babu yao, ile ya mwaka 2021. Getini waliweka ndoo yenye koki na sabuni ya maji. Kijana mmoja alisimama na kipimajoto cha paji la uso, na hakupita mtu bila kupimwa. Viti vikapangwa mbalimbali. Siku ya nne watu wakaanza kuugua, mmoja baada ya mwingine, hadi wakatimia 9, na bibi yao mwenye kisukari akalazwa kwenye oksijeni. Alirudi nyumbani, alhamdulillahi, lakini swali halijamtoka mjukuu: "Tulikosea wapi? Au tulinawa vibaya?"

Mlinawa vizuri, dada. Ila mlinzi mlimweka mlango mmoja na mwizi akaingilia mwingine. Uviko, yaani korona, husafiri zaidi na pumzi za watu waliokaa pamoja kwenye hewa isiyotembea, na pumzi haipiti kwenye ndoo ya getini.

Nilishawahi kugusia jambo hili, nikashambuliwa kwamba nataka watu waache kuzikana. Basi nianzie hapo hapo. Kumwambia mtu asiende msibani ni kupoteza muda, na kwetu mtu asiyezika hana wa kumzika. Arusi inasogezwa, Krismasi inaliwa mwakani, maiti haisubiri. Swali lenye faida ni jingine: ndani ya siku mbili za shughuli, ni saa zipi hasa zinazoambukiza?

Tuna mifano miwili iliyochunguzwa vizuri. Tarehe 24 Januari 2020, katika mgahawa mmoja mjini Guangzhou, China, familia tatu zilikula chakula cha mchana kwenye meza zilizopakana, ukumbi hauna madirisha na kiyoyozi kinavuma. Mmoja wao alikuwa na virusi. Jumla ya walioambukizwa kutoka meza hizo tatu ni 10. Mbili kati ya familia hizo hazikukaa pamoja hata saa nzima, na meza ziliachana kama mita moja. Wahudumu na wateja wa upande mwingine wa ukumbi hawakupata. Upepo wa kiyoyozi ulikuwa ukizungusha hewa ile ile juu ya meza zile zile.

Mfano wa pili ni wa Machi 10 mwaka huo huo, Skagit katika jimbo la Washington, Marekani. Wanakwaya 61 walifanya mazoezi ukumbini kwa saa mbili na nusu. Mmoja alikuwa na mafua aliyoyaona ya kawaida. Waliougua walifika 53 na wawili walifariki. Anayeimba au kusoma kwa sauti hutoa chembechembe nyingi kuliko anayepumua kimya, na wenzake huvuta pumzi ndefu kuzipokea. Wenye mikesha ya nyimbo na wenye visomo vya hitma, hapo sote tumo.

Sasa turudi Tanga na kuipasua ile arobaini vipande: safari ya basi, salamu, kukaa chini ya turubai, kisomo, sinia, jikoni, kulala. Ukimuuliza mtu kipande cha hatari atakwambia salamu, maana ndiyo tuliyokatazwa mapema. Mimi nasema kulala, na salamu naiweka karibu na mwisho kabisa.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, dari mita 2.7. Hewa iliyomo ni kama mita za ujazo 24. Tandika mikeka na magodoro, walaze watu 6, kama ilivyo desturi wageni wakija. Mtu aliyelala huvuta na kutoa lita 7 hadi 8 za hewa kwa dakika. Zidisha kwa saa 8, zidisha kwa watu 6: inakaribia mita za ujazo 20 na ushei. Yaani dirisha likifungwa kwa hofu ya mbu na vibaka, hadi adhuhuri haijafika, hadi adhana ya alfajiri tu, hewa inayokaribia kujaza chumba kizima imeshapita kwenye vifua vyao. Mmoja akiwa na virusi, wenzake watano wamelala naye usiku kucha puani. Na huyo mmoja huenda hajakohoa hata mara moja, kwa sababu Uviko huanza kuambukiza kama siku mbili kabla ya dalili. Ndiyo maana kile kipimajoto hakikumkamata mtu. Joto la mwili haliwi limepanda bado, au limeshushwa na panado aliyomeza kwenye basi, na mashine yenyewe ikisimama juani inasoma jua.

Dawa ya chumba ni matundu mawili. Dirisha moja wazi huingiza hewa kidogo sana. Fungua na la upande wa pili, au mlango unaotazamana nalo. Vyandarua vifungwe kwa kila anayelala, maana hakuna aliyekutuma ubadilishe Uviko kwa malaria. Angalia na wavu wa dirishani: ukijaa vumbi huwa kama kitambaa, hewa haipiti. Ufue kwa brashi na sabuni siku moja kabla ya wageni. Feni ya darini hukoroga hewa ile ile kama mwiko kwenye sufuria. Feni ya kusimama ndiyo ya maana, ukiigeuza uso nje ya dirisha itoe hewa chafu, ile safi iingie kwa upande wa pili. Watu huielekeza kitandani, na hapo humpulizia mmoja pumzi za wenzake. Kiyoyozi cha ukutani cha kawaida hakiingizi hewa mpya hata chembe. Ukikitumia, acha dirisha wazi kidogo na ukubali bili ya umeme.

Unataka kujua kama chumba kinapumua? Choma udi. Weka chetezo katikati, madirisha yakiwa kama yatakavyokuwa usiku, uangalie moshi. Ukielekea tundu moja na kutoka, chumba kinapumua. Ukipanda ukatanda darini na kubaki hapo, punguza walalaji au wahamishie barazani. Si kipimo cha maabara, lakini kila nyumba ya pwani inacho. Mwenye uwezo wa mashine ya kupima kabonidayoksaidi, nje itasoma karibu ppm 420 (sehemu 420 kwa kila milioni ya hewa). Ndani ikipita 1,000, jua mnavuta sana pumzi za wenzenu.

Kisomo ni chepesi kurekebisha kuliko watu wanavyodhani. Hitma, yaani kuisoma Kurani yote, ni juzuu 30, na tangu zamani hugawanywa kwa wasomaji. Zigawe siku moja kabla: aliyeko Mombasa asome zake Mombasa, aliyeko Muscat asome Muscat, wa mtaani wasome majumbani mwao. Siku yenyewe watu wakusanyike nje kwa dua, nusu saa, badala ya saa tatu sebuleni. Thawabu sijui hesabu yake, lakini hewa naijua. Kwa Wakristo, mkesha uhamie uani, waimbaji wasimame wakiuangalia uwanja, wasikae duara wakitazamana midomo.

Turubai nalo lina ujanja wake. Likishushwa pembeni pande tatu kwa sababu ya jua au manyunyu, limeshakuwa chumba. Acha angalau pande mbili zinazotazamana wazi. Mzee mnayemhofia aketi upande upepo unakotoka: wakati wa kusi, kusini, wakati wa kaskazi, kaskazini. Watu hufanya kinyume, humweka bibi katikati kabisa kwa heshima, na pumzi ya kila mtu inapita kwake.

Huyo bibi ndiye mzani wa shughuli nzima. Mpwa wa miaka 20 akiugua atalala siku tatu na kuinuka. Mtu wa miaka 75 mwenye kisukari na presha huenda asiinuke. Kwa hiyo barakoa nzuri chache mlizonazo wasipewe wageni wa getini ili muonekane mmejipanga. Ziende kwa anayemwogesha bibi, anayemlisha na anayelala chumba chake, na hao wawe mtu mmoja au wawili kwa shughuli yote, si kila mjukuu kwa zamu. N95 au KN95 ni bora, na ndevu huziharibia kazi kwa sababu hewa hupita pembeni. Kama mna zile za buluu tu, funga fundo dogo kwenye kila kamba karibu na kona, kisha kunja mbavu zake kwa ndani. Mwanya wa mashavuni unapungua sana. Chanjo nayo inahitaji kama wiki mbili kufanya kazi. Ya siku ya safari imechelewa kwa shughuli hiyo, japo itamfaa baadaye.

Vipimo vya haraka vipimeni asubuhi ya shughuli. Cha siku tatu nyuma kinaeleza habari za siku tatu nyuma. Kijiti kiingie pua zote mbili, subiri dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake (vingi ni 15), wala usiende kukisoma tena jioni ukakuta mstari umejitokeza ukazusha taharuki. Vingi hutakiwa kuhifadhiwa chini ya nyuzi 30, kwa hiyo visishinde ndani ya gari juani. Mwenye dalili ambaye kipimo kimeonyesha hana virusi, arudie baada ya saa 48, na katikati ya hapo akae mbali na shughuli na mbali na bibi. Na kama mnavyo viwili tu, si vya mgeni rasmi. Ni vya wale wahudumu wa bibi.

Basi. Dar hadi Tanga ni saa sita hivi, muda mrefu kuliko kisomo na turubai kwa pamoja. Kenya walilitambua mapema: Machi 2020 matatu ya viti 14 iliamriwa ibebe abiria 8. Kama hakuna amri, amri ni yako: basi la madirisha yanayofunguka kuliko la kiyoyozi, siti ya dirishani, barakoa njia nzima, na kula ushuke ule nje. Aliyesafiri alale na wasafiri wenzake, si na wenyeji.

Sinia lina kelele nyingi kuliko hatia. Nyuso tano zilizoinamia pilau, barakoa zimevuliwa na hadithi zinakwenda, hapo hatari ipo, lakini inakatwa kwa kula nje na kwa kupanga sinia kwa nyumba: waliolala pamoja wale pamoja. Vifungashio vya plastiki vimeumiza mifuko ya watu bila faida kubwa.

Kugumu ni kuwaambia wazee. Binti mdogo akisimama na kutangaza masharti, ataambiwa ana maneno, na shughuli itarudi sebuleni. Mtafuteni mjomba au shehe anayesikilizwa, mumweleze siku mbili kabla. Na siku yenyewe msikataze, pangeni. "Mjomba, kisomo tumekiweka barazani, upepo mzuri, na kahawa iko huko huko." Mikeka ikishatandikwa nje hakuna mzee atakayeibeba kuirudisha ndani.

Kuna jambo moja silegezi: mwenye homa, kikohozi au mafua haji, hata kama ndiye mfiwa mkuu. Apigiwe simu wakati wa dua.

Shughuli ikiisha, hesabu haijaisha. Dalili nyingi hutokea kati ya siku ya pili na ya sita, kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kupiga simu siku ya tatu na ya tano. Mkiwa na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kitumieni kwa makini: mkono uwe na joto, kidole kisiwe na rangi ya kucha wala piko, subiri kama dakika namba itulie. Chini ya 94 akiwa ametulia, nendeni hospitali. Chini ya 90, msisubiri gari la bei nafuu. Kwenye ngozi nyeusi kipimo hiki wakati mwingine husoma juu kuliko hali ilivyo, hivyo mtu anayehema kwa shida aende hata kama namba ni nzuri. Na kujifukiza watu wanne chini ya blanketi moja, kama wengi walivyofanya miaka ile, ni kile chumba cha kulala kilichofupishwa, tena na sufuria ya maji ya moto juu yake.

Dirisha pia si dawa ya kila mlipuko. Kagera, Machi 2023, ugonjwa ulikuwa Marburg: wagonjwa 9, waliofariki 6. Huo hupita kwa majimaji ya mwili ya mgonjwa na ya maiti, na hapo josho na kumbusu marehemu ndiyo saa za hatari; mwili unaachiwa wataalamu, hata pakiwa na upepo wa bahari. Kipindupindu nacho hupita kwenye maji na chakula. Ulizeni kwanza ugonjwa unapitia wapi, ndipo mpange mlinzi.

Dada wa Tanga aliuliza pia kama ile ndoo aitupe. Asiitupe. Aisogeze karibu na masinia, na yule kijana wa kipimajoto apewe brashi aanze na nyavu za madirisha.