Wewe wa Mafinga, hiyo dawa usiiache

Umeuliza mengi kuhusu meditesheni, yaani kukaa kimya ukituliza akili: ukae mkekani au kitini, asubuhi au usiku, lakini mimi nimeganda pale ulipoandika kwamba wiki nane za kuifanya zikiisha unaacha dawa za sonona kwa sababu ubongo utakuwa umeshajijenga upya. Usithubutu.

Mimi niliziacha. Mwalimu wa kundi letu la WhatsApp, anayekusanya hela kila mwisho wa mwezi, alitutumia picha ya ubongo na kutuambia dawa zinazuia akili isitulie. Nikaacha zote kwa mpigo. Hazikupita siku nyingi, nikigeuza macho haraka nasikia shoti kichwani, tii, kama nimeshika waya. Usingizi ukakata. Pale soko la Uyole, Mbeya, napokea viazi, nahesabu magunia, nikifika katikati nasahau, naanza upya, vijana wa kupakia wananitazama. Nikamfokea mteja wangu mkubwa wa Dar mbele za watu kwa sababu ya lumbesa moja tu, gunia lililojazwa kupita kipimo. Hajarudi mpaka leo. Nikamweleza mwalimu. Akajibu: "Sumu zinatoka, ongeza muda wa kukaa." Sumu gani? Ubongo ulishazoea dawa, ukiinyofoa ghafla lazima utikisike. Hayo nilielezwa na daktari wa kliniki, baada ya mke wangu kunikokota mpaka pale. Yule mwalimu hakuwahi hata kuniuliza natumia dozi gani! Hasira yangu kwake haijaisha na siifichi.

Na huo utafiti wa wiki nane unaoutegemea ndio huohuo alioutumia yule mwalimu. Ni wa Massachusetts, Marekani, mwaka 2011, na waliofanya mazoezi walikuwa watu 16 tu; hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, ilionekana kuongezeka. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, hukohuko Marekani, akiwemo Richard Davidson ambaye mwenyewe ni mpenzi mkubwa wa meditesheni, walirudia kwa watu zaidi ya 200. Umbo la ubongo wa waliofanya halikubadilika zaidi ya la wasiofanya. Kuna na uchambuzi wa 2014 uliokusanya majaribio 47: meditesheni inapunguza wasiwasi na sonona kwa kiasi, ila hawakuona ushahidi kwamba inazidi dawa au mazoezi ya mwili. Kwa nini hiyo hakututumia kundini?

Mnaotaka kuniita adui wa meditesheni, tulieni. Nakaa kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na inanisaidia nisipandishe sauti bei zikianguka. Lakini dozi hupunguzwa na aliyeiandika, kidogo kidogo, huku anakuangalia. Mimi yangu ilishushwa hivyohivyo baadaye, na ile shoti sikuisikia tena.

Ndugu yangu, kliniki yako ni lini? Kama bado iko mbali, usiisubiri, nenda wiki hii umwambie daktari wazi kwamba unataka kuacha na sababu yako ni ipi. Vidonge vilivyobaki endelea kumeza kama ulivyoandikiwa mpaka umwone. Halafu njoo utuandikie hapa amesemaje.